Saplaya wa nguo anakuonyesha cheti: SA8000, SMETA, WRAP, GOTS au OEKO-TEX, kipi kinakufaa?

Kuna saplaya aliwahi kunitumia PDF ya cheti cha GOTS, nembo ipo, mhuri upo, tarehe haijapita, nikasema safi, nikaendelea na oda. Baadaye sana nilipokuja kukisoma kwa utulivu, ukurasa wa pili kule kwenye orodha ya shughuli zilizokaguliwa, kumbe kampuni imethibitishwa kwa kununua na kuuza tu. Kushona hakumo. Fulana zangu zilishonwa kwenye jengo lingine ambalo hata jina lake halikuwa kwenye ile karatasi. Na sio kwamba walinidanganya, niliomba cheti wakanipa cheti, mimi ndo sikuuliza ni cha kazi gani.

Kwa hiyo hii ni kwa wewe unayetaka kuagiza nguo, iwe brandi yako ndogo, sare za wafanyakazi au unauza tu mtandaoni, na saplaya wa kwanza anakwambia ana SA8000, wa pili ana OEKO-TEX, wa tatu anakutumia ripoti ya kurasa hamsini, na wewe umebaki unajiuliza ipi kali kuliko mwenzake. Swali lenyewe hapo limekaa vibaya, maana hawa hawapimi kitu kimoja, ni kama kuuliza mizani na themometa ipi bora. Unachotakiwa kujua ni wewe unaogopa nini kitokee.

Mimi kila mfumo nauliza maswali yale yale matano. Kinachokaguliwa ni nini, jengo, nguo yenyewe, au njia yote kutoka kwenye pamba? Mfanyakazi yumo, na kama yumo, mshahara unaodaiwa ni kima cha chini cha sheria au ni ule wa kumtosha mtu kuishi (hivi ni vitu viwili, na kuna nchi pengo lake ni kubwa sana)? Mazingira yamo kiasi gani, yaani maji taka, kemikali, malighafi? Karatasi unayopewa ni cheti au ripoti, inaisha lini na unaihakikia wapi? Na mwisho, unavujia wapi, kwa sababu kila mmoja una pahala unavuja, hakuna usiovuja.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaingia ndani: upande wa wafanyakazi karibu wote wanachota kisima kimoja, mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, ILO. Namba 29 na 105 ni kazi ya kulazimishwa, 87 na 98 haki ya kuunda chama na kujadiliana kwa pamoja, 138 na 182 ajira ya watoto, 100 na 111 ubaguzi na malipo sawa. Mwaka 2022 usalama na afya kazini ukaongezwa kwenye zile haki za msingi. Kwa hiyo saplaya akikwambia "mfumo wetu unafuata ILO" hajakwambia kitu bado, wote wanasema hivyo. Tofauti iko kwenye nani anakagua, anakagua nini, na anarudi lini.

SA8000

Huu ulianza 1997, uko chini ya Social Accountability International ya New York, na kinachokaguliwa ni jengo na uongozi wake. Sio nguo. Ukiona lebo ya SA8000 imeshonwa kwenye shati jua kuna mtu kachanganya mambo.

Kwa mfanyakazi ndo mzito kuliko yote niliyoiweka hapa. Saa za kawaida zisizidi 48 kwa wiki, ovataimu iwe ya hiari na isizidi saa 12 kwa wiki, siku moja ya kupumzika baada ya siku sita za kazi, hakuna mtoto chini ya miaka 15 na kama sheria ya nchi inasema umri mkubwa zaidi basi inafuatwa hiyo. Mshahara unadaiwa uwe wa kumtosha mtu mahitaji ya msingi na abaki na kitu mkononi, sio kima cha chini tu. Halafu kuna sehemu ya mfumo wa uongozi, yaani kiwanda kionyeshe malalamiko yanapokelewaje na yanashughulikiwaje mwaka mzima, sio siku ya ukaguzi tu.

Mazingira? Karibu hakuna. Mtaro wa kutia rangi unaweza kumwaga zambarau mtoni na SA8000 isiseme neno, si kazi yake.

Karatasi ni cheti cha miaka mitatu, na katikati kuna ziara za ufuatiliaji. Kuhusu unapovujia, hapa inabidi nikae kidogo. Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha Ali Enterprises pale Karachi, Pakistan, kiliungua na watu zaidi ya 250 wakafa. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ya kutokea mingine imefungwa. Kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha SA8000 wiki chache tu kabla. Sasa ukisoma kile kiwango chenyewe, kinadai milango ya dharura waziwazi, kwa hiyo maneno yalikuwa mazuri, kilichokufa ni ukaguzi. Ndo maana mimi mtu akinionyesha SA8000 nafurahi, lakini bado namwomba anitumie video ya simu anatembea kutoka mashine ya mwisho mpaka nje kupitia mlango wa dharura, bila kukata. Ni dakika mbili. Anayekataa amenijibu.

Unamfaa nani: mwenye oda za kurudiarudia kwenye kiwanda kimoja, anayetaka kusema mbele ya wateja wake kwamba watu walioshona wametendewa haki, na ana nafasi ya kukaa na saplaya huyo miaka.

SMETA

Hapa watu wengi wanateleza. SMETA sio cheti. Ni utaratibu wa ukaguzi wa Sedex, shirika lenye jukwaa la mtandaoni ambako wanunuzi na saplaya wanashirikishana ripoti, na mwisho wake unapata ripoti na mpango wa kurekebisha makosa, hakuna kufaulu wala kufeli. Kwa hiyo saplaya akikwambia "tumefaulu SMETA" mwombe ripoti, kwa sababu ile ripoti inaweza kuwa na makosa kumi na mawili ndani na bado yeye anasema ukweli kwamba amekaguliwa.

Kinachokaguliwa ni jengo. Unakuja kwa nguzo mbili au nne: nguzo mbili ni ajira na afya na usalama, ukienda nne unaongeza mazingira na maadili ya biashara, yaani rushwa na mambo ya aina hiyo. Msingi wake ni ETI Base Code, kanuni za Ethical Trading Initiative ya Uingereza iliyoanza 1998. Kwenye mshahara kanuni hizo zinataka uwe wa kutosha mahitaji ya msingi, ila kwa vitendo ripoti inakuandikia tu kilichoonekana. Mazingira kwenye nguzo nne yanaguswa lakini kwa juujuu, ni vibali vipo au havipo, taka zinapelekwa wapi, umeme unarekodiwa.

Uzuri wake uko hapo hapo kwenye udhaifu wake. Kwa kuwa haina kufaulu, inasema mengi. Unasoma unakuta "mashine tatu za kushona hazina kinga ya sindano", "wafanyakazi wanne wa ghala hawana mikataba ya maandishi", unajua la kufuatilia ni lipi. Mimi huwa naenda moja kwa moja kwenye kurasa za saa za kazi. Daftari la mahudhurio ambalo kila mtu katoka saa kumi na moja kamili jioni, siku ishirini na sita mfululizo, mwandiko mmoja, kalamu moja, hilo halikuandikwa na watu wanaofanya kazi. Binadamu hutoka na dakika saba, na dakika kumi na tisa, mmoja kasahau kusaini. Daftari safi kupita kiasi ndo linanitisha.

Angalia pia ukaguzi ulitangazwa au haukutangazwa, imeandikwa kwenye ripoti. Uliotangazwa maana yake kiwanda kilijua siku, na mtu akijua mgeni anakuja lini anafagia uani, hilo halihitaji maelezo. Ripoti inakaa kwenye jukwaa la Sedex na saplaya ndo anaamua nani aione, hivyo hapa huwezi kuhakiki mwenyewe hadharani kama mifumo mingine.

Unamfaa nani: anayenunua kutoka viwanda vingi, ana muda na subira ya kusoma, na anataka kujua hali ilivyo kuliko kupata mhuri. Kama hupendi kusoma usiuchague, utakuwa umenunua kurasa.

WRAP

Huu nitaupitia haraka kwa sababu ni rahisi kuuelewa. Ni wa Marekani, umetengenezwa kwa ajili ya viwanda vya nguo hasa, una kanuni 12, na unakagua jengo. Kuna daraja tatu: platinamu ya miaka miwili, dhahabu ya mwaka mmoja, fedha ya miezi sita. Ukiona fedha usiikimbie, ila uliza kitu gani kimefanya wasipate dhahabu.

Kwa mfanyakazi unasimama kwenye sheria ya nchi. Kima cha chini kilipwe, marupurupu ya kisheria yalipwe. Hapo ndo unatofautiana na SA8000, maana kama sheria ya nchi ni dhaifu na cheti kitakuwa dhaifu kwa kiwango hicho hicho. Mazingira yana kanuni yake moja, nayo pia ni kufuata sheria zilizopo. Kisha kuna kanuni za forodha na za ulinzi wa mzigo, kuzuia mtu asiingize dawa za kulevya au kitu kingine ndani ya kontena, jambo ambalo wengine kwenye orodha hii hawajishughulishi nalo sana.

Unamfaa nani: anayeuza kwa wanunuzi wakubwa wa Marekani ambao tayari wanaukubali, na anayetaka saplaya ambaye karatasi zake za forodha zimenyooka.

GOTS

Global Organic Textile Standard, toleo la kwanza lilitoka 2005. Huu unafuata nguo njiani: pamba ikishavunwa shambani (shamba lenyewe linathibitishwa kwa viwango vya kilimo hai, sio na GOTS), inachambuliwa, inasokotwa, inafumwa, inatiwa rangi, inashonwa, na kila hatua iwe na cheti chake. Ukikatika uzi mmoja katikati, nguo mwishoni haina haki ya kubeba lebo. Nguo yenye nyuzi za kilimo hai asilimia 95 na zaidi inapata lebo ya daraja la juu, asilimia 70 na zaidi inapata ile inayosema imetengenezwa kwa nyuzi za kilimo hai kwa asilimia kadhaa. Hizi mbili zinafanana sana machoni, kwa hiyo soma maandishi usiangalie nembo tu.

Mazingira ndo nguvu yake. Rangi za azo (kundi la rangi za viwandani) zinazotoa kemikali za kusababisha saratani zimepigwa marufuku, kung'arisha kitambaa kwa klorini hakuruhusiwi, viwanda vinavyotumia maji lazima viwe na namna ya kutibu maji taka kabla ya kuyaachia. Mfanyakazi pia yumo, kwa misingi ya ILO, na kampuni inatakiwa ikokotoe pengo kati ya mshahara inaolipa na ule wa kutosha kuishi. Kukokotoa lakini, sio kulipa kesho. Mimi naona ni mwanzo mzuri ila usimwambie mteja wako kwamba washonaji wote wa GOTS wanalipwa vya kutosha kuishi, hutakuwa unasema kweli.

Karatasi ziko mbili na hapa ndo mimi niliangukia. Cheti cha upeo kinasema kampuni fulani, jengo fulani, inaruhusiwa kufanya kazi fulani. Cheti cha muamala kinasema mzigo huu hapa, kilo hizi, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, ndo wenyewe. Cha kwanza bila cha pili ni sawa na mtu kukuonyesha leseni ya udereva akidai ndo uthibitisho kwamba gari ni lake. Kampuni zenye vyeti zinatafutika bure kwenye tovuti yao, na lebo kwenye nguo lazima iwe na jina la aliyethibitisha na namba ya leseni.

Unavujia wapi? Mwanzoni kabisa, kwenye pamba. Mwaka 2020 GOTS wenyewe walitangaza kwamba wamegundua India karibu tani 20,000 za pamba zimepitishwa kwa vyeti vya muamala vya kughushi. Waliigundua wao na wakasema hadharani, hilo nawapa heko, lakini inakuonyesha karatasi inaweza kutembea mnyororo mzima huku pamba nyingine kabisa ndo iko kwenye robota. Halafu kumbuka ni nyuzi za asili za kilimo hai tu zinazoubeba mfumo huu. Kama unauza mavazi ya mazoezi ya poliesta tupu hapa si kwako, endelea mbele.

Unamfaa nani: mwenye nguo za pamba au sufu, ambaye kuuza kwake kumesimama kwenye neno "kilimo hai", na anayeweza kuvumilia uchaguzi mdogo wa rangi na saplaya.

OEKO-TEX Standard 100

Upo tangu 1992. Unapima nguo yenyewe maabara, na sio kitambaa tu, ni pamoja na uzi wa kushonea, vifungo, zipu, bitana, chapa iliyochapwa kifuani. Kuna makundi manne: la kwanza ni la watoto wachanga mpaka miaka mitatu, la pili nguo zinazogusa ngozi, la tatu zisizogusa ngozi sana kama makoti, la nne mapazia na vitambaa vya nyumbani. La kwanza ndo kali zaidi. Formaldehaidi, kemikali inayoweza kuwasha ngozi, kundi la kwanza isionekane kabisa kwenye kipimo, kundi la pili isizidi miligramu 75 kwa kilo, na rangi ya nguo za mtoto inapimwa kama inavumilia mate, kwa sababu kila mtoto anatafuna kola, tunajua.

Cheti ni cha mwaka mmoja, kina namba, unaingia kwenye tovuti yao unaweka namba unaona ni cha nani na kwa bidhaa gani. Kuhakiki ni rahisi hadi raha.

Sasa mfanyakazi yuko wapi? Hayupo. Maji taka? Hayapo pia. Chukua jinzi zilizopaushwa kwa kupuliziwa mchanga. Vumbi lile la silika liliharibu mapafu ya vijana wengi kwenye karakana za Uturuki hadi serikali ikapiga marufuku mwaka 2009. Lakini jinzi ile ikishafuliwa na kupelekwa maabara, kitambaa ni kisafi, ngozi ya mvaaji iko salama. Aliyeumia hakuwa ndani ya sampuli. Wala hili sio kosa la OEKO-TEX, wenyewe hawajawahi kusema wanapima hilo, ni sisi wauzaji tunaoandika "nguo ya kimaadili" chini ya picha kwa sababu tumeona neno "standard". Hao hao wana lebo nyingine, Made in Green, ambayo inaongeza viwanda na wafanyakazi na unaweza kuifuatilia nguo kwa namba. Usizichanganye.

Unamfaa nani: nguo za watoto, nguo za ndani, mashuka, watu wenye mzio, na kila anayeuza poliesta au mchanganyiko ambako GOTS hauingii.

Majina mawili mengine utayasikia. Fair Wear, ya Uholanzi, inamkagua zaidi mwenye brandi kuliko kiwanda, yaani inauliza wewe mnunuzi unabanaje bei na kubadilisha oda dakika za mwisho, swali ambalo wengi tunalikwepa maana ovataimu nyingi za kiwandani tunazisababisha sisi. Better Cotton, kwa mfumo wake uliozoeleka, inahesabu kiasi cha pamba kilichoingia na kutoka bila kuitenganisha na pamba ya kawaida, hivyo pamba iliyoko kwenye shati lako inaweza isiwe ile yenyewe. Sio vibaya, ila jua unachosema.

Na jambo moja halimo sana kwenye hii mifumo yote: jengo lenyewe kusimama. Rana Plaza kule Savar, Bangladesh, ilianguka tarehe 24 Aprili 2013, watu 1,134 wakafa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, benki na maduka ya chini wakafunga, washonaji wakaambiwa warudi kazini. Mkaguzi wa ajira anaangalia mikataba na saa, hana kazi ya kupima nguzo za zege. Kilichozaliwa baada ya pale ni Accord, mkataba wa kisheria kati ya brandi na vyama vya wafanyakazi, wenye wahandisi wao, na siku hizi umeingia Pakistan pia. Kama kiwanda chako kiko nchi hizo mbili, uliza kama kimo kwenye orodha yao kabla hujauliza cheti kingine chochote.

Sasa, kulingana na hali yako

Unaanza, oda ni ndogo, kiwanda hakitakuandalia ukaguzi kwa vipande mia mbili: usidai cheti kipya, tafuta saplaya ambaye tayari anacho kwa ajili ya wateja wakubwa, hakikisha anwani ya kwenye cheti ndo itakayoshona zako, na uandike hivyo kwenye oda, kwamba hakuna kumpa fundi wa nje bila kukuambia.

Nguo za mtoto: OEKO-TEX kundi la kwanza, halafu ukiweza ongeza GOTS kama ni pamba. Usifanye kinyume kwa kudhani kilimo hai peke yake kinatosha, zipu na chapa hazilimwi.

Mnunuzi wako ni kampuni kubwa: mwulize yeye anakubali nini kabla hujalipia chochote, wengine wanataka SMETA ya nguzo nne tu na SA8000 yako wataiangalia kwa adabu na kuiweka pembeni.

Sare za kazi, kiwanda kimoja, mkataba wa miaka: SA8000 kama kipo, kama hakipo chukua ripoti ya SMETA ambayo haikutangazwa na ukubaliane na saplaya makosa matatu ya kurekebisha ndani ya miezi sita, oda ya pili itategemea hayo.

Unauza kwa kutaja kilimo hai: GOTS, na cheti cha muamala kwa kila mzigo, hata ukimchosha saplaya.

Na kama una saplaya wawili, mmoja ana vyeti vitatu ila hataki kukuambia nani anamtilia rangi, mwingine ana kimoja na amekutumia majina ya kiwanda cha rangi, cha kufuma na cha kushona bila hata kuombwa mara mbili, mimi ningeanza mazungumzo na huyo wa pili.